Wingu la Seti ya Tatu

Niliandika NGAZI kwenye ubao, kwa chaki, herufi kubwa, huku daftari lililokuwa kwapani mwangu likisema Kinu. Naanza na hili kwa sababu sitaki mtu asome mpaka mwisho ndipo agundue kwamba nilijua. Nilijua.

Ngazi na Kinu walikuwa vijana wawili wa Ulaya, wachezaji wa tenisi ya kulipwa. Majina yao halisi yalitushinda kutamka, kwa hiyo baa nzima ikawabatiza upya. Ngazi alikuwa mrefu, na mpira wake ulikuwa unanyooka kama umepigiwa rula. Kinu alikuwa mfupi, mapaja manene, na mpira alikuwa anausokota, ukigusa chini unaruka mpaka begani kwa mwenzake. Mmoja alikuwa na miaka ishirini, mwingine hata hajafika. Mimi nilikuwa na kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na divisheni foo, nipo nyumbani na hakuna ninachosubiri. Ilikuwa inanikera sana kwamba watu wa umri wangu wanagombea kombe mbele ya dunia nzima na mimi nagombana na kuku jikoni.

Kwetu ni juu ya mji wa Moshi. Kushuka mjini kwa mguu ni saa moja na nusu, kupanda usiniulize. Pale kijijini palikuwa na kilabu cha mbege, ile pombe yetu ya ndizi: mabenchi mawili na mwanamke wa kugawa. Halafu mwenye kilabu akanunua dishi na tivii, akapaka ukuta rangi ya bluu, akaanza kupaita baa. Mbege ikaendelea kuwepo, lakini sasa palikuwa na friji pia.

Watu wa nje huwa wanashangaa nikiwaambia kwamba tulikuwa tunawekeana dau kwenye tenisi. Sababu ni rahisi. Mpira wa miguu ulikuwa unaleta ngumi, maana kila mtu ana timu yake. Kwenye tenisi hakuna mwenye timu. Na sababu ya pili ni baba.

Baba alifanya kazi klabu moja mjini miaka ishirini na mbili. Kazi yake ilikuwa uwanja wa tenisi. Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Walikuwa wanateremka na trekta upande wa Kahe, wanachimba vichuguu, wanaponda, wanachekecha ule udongo kama unga, wanaumwaga, wanaumwagia maji, halafu wanapitisha rola la chuma. Baada ya hapo ni maji asubuhi na jioni, na kuburuta gunia kulainisha juu. Baba hakuwahi kucheza. Lakini akiukanyaga ule uwanja peku asubuhi, alikuwa anakwambia mpira utaruka kiasi gani saa kumi jioni, na waliocheza walikuwa wanamuuliza.

Kisha klabu ikapata wenyewe wapya. Wakamwaga kokoto juu ya ule udongo, ukawa maegesho ya magari ya watalii wa mlima. Baba akapewa barua na baiskeli.

Nyumbani aliendelea kuamka saa kumi na moja. Anavaa, anakaa kwenye kigoda. Jioni anamwagia ua maji na kuburuta gunia, mpaka ua wetu ukawa mgumu na laini, wageni wakawa wanavua viatu bila kuambiwa. Mama alikuwa anamwangalia tu. Watu walianza kumsemesha kama mgonjwa, wanaongeza sauti, wanamwitikia kila kitu. Mimi nilikuwa nataka kupiga kelele.

Halafu siku moja dishi likaonyesha tenisi. Watu wakataka mwenye baa abadilishe. Baba akasema, "Acha hapo." Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsikia anaamuru kitu. Akasema, "Huyo mfupi anapeleka kulia. Tazama mguu wa nyuma." Yule mfupi akapeleka kulia. "Sasa anamvuta mbele." Akamvuta mbele. Mzee mmoja akainuka, akamsogezea baba benchi lake, akasema, "Mwalimu, kaa hapa uone vizuri."

Basi ikawa hivyo. Mwenye baa akachukua kipande cha mlango wa zamani, akakipaka rangi nyeusi, akasema hapo utaandikwa utabiri. Mwandishi nikawa mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na kwa sababu mtangazaji wa tivii alikuwa anasema Kiingereza na mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuwa anacheza pale klabu zamani, alikuwa ananitunzia kurasa za michezo za magazeti ya wiki iliyopita. Nilikuwa nanakili kwenye daftari: nani kamfunga nani, uwanja gani, seti ngapi. Baba alikuwa analeta macho yake, mimi naleta daftari langu, tunakubaliana, naandika jina ubaoni. Tulipatia mara sita mfululizo. Vijana wakawa wananiita Mtabiri. Nilikuwa najifanya sipendi.

Madau yalikuwa madogo. Bia. Mkungu wa ndizi. Mara moja mbuzi.

Sasa lazima niseme habari ya ng'ombe.

Kwenye banda letu, nyuma ya nyumba katikati ya migomba, kulikuwa na ng'ombe mmoja mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Kila mtu kijijini alikuwa anajua ni ng'ombe wa baba. Hakuwa wa baba. Alikuwa wa shangazi.

Kwetu mtu anaweza kumpa ndugu yake ng'ombe amtunzie. Anayetunza anakunywa maziwa na anachukua mbolea ya kihamba, shamba lake la migomba, lakini ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Na jambo hilo halitangazwi. Ukimwona ng'ombe bandani kwa mtu huulizi ni wa nani. Ndivyo watu walivyokuwa wanaficha mali yao tangu zamani, leo huyu yuko kwa huyu, kesho yule yuko kwa yule, na hakuna anayejua jirani yake ana ng'ombe wangapi.

Shangazi alikuwa dada yake baba, ameolewa kijiji cha jirani, ng'ambo ya mto. Mumewe alipofariki, ndugu za marehemu walianza kubeba vitu kabla matanga hayajaisha. Walibeba baiskeli. Walibeba mabati yaliyokuwa yamenunuliwa kuezekea. Shemeji yake mmoja, mdogo wa marehemu, aling'oa mpaka mlango wa stoo, akasema alisaidia kuununua. Ng'ombe hawakumbeba kwa sababu alikuwa kwetu na hawakuwa wanajua kwamba yupo. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho shangazi. Kila Jumamosi alikuwa anakuja, eti kutusalimia, na kwenye fundo la kanga ana kipande cha magadi cha kumlambisha. Alikuwa anasimama naye pale bandani anamsemesha Kichagga, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Aliniambia siku moja, "Huyu akizaa jike, nitakuwa mtu tena." Mimi na mama ndio tuliokuwa tunamletea majani. Nilikuwa najua.

Jumapili ya fainali nilitoka kanisani moja kwa moja mpaka baa. Ilikuwa fainali ya uwanja wa udongo, Ngazi na Kinu. Daftari langu halikuwa na shaka. Kwenye udongo walikuwa wamekutana mara nne na Kinu alishinda zote nne. Nilimwonyesha baba njiani. Alisoma, akarudisha.

"Hapo uwanja ulikuwa mkavu," alisema.

"Umejuaje?"

"Kwani mtu anashinda kwa mpira wa kuruka kwenye tope?"

Tulipofika baa ilikuwa imejaa. Yule shemeji mdogo wa shangazi, mng'oa mlango, alikuwa amekaa karibu na friji kama kawaida yake. Na alikuwepo mgeni mmoja ambaye alikuwa anapita mara mojamoja, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Sanya Juu. Mtu mkubwa, koti la mvua hata kukiwa na jua, fimbo ananing'iniza kwenye kiwiko. Alimsalimia baba kwa mkono, kwa jina tunalowaitia wazee, akasema, "Meku, leo nimekuja kusoma shule yako."

Tivii ilikuwa inaonyesha uwanja kabla wachezaji hawajaingia. Anga ya kule ilikuwa ya kijivu. Wanaume wanne walikuwa wanakunja turubai kubwa. Udongo chini yake ulikuwa mwekundu wa kuiva, wa damu ya jana.

Baba alisimama akausogelea kioo. "Wamefunika tangu mvua ya jana usiku, haujapata jua," alisema. "Umelowa. Hapo Kinu hana kitu. Mpira wake unaishi kwa kuruka, na udongo huo haurushi."

"Jua likitoka?" aliuliza mtu.

Baba akaelekeza kidole juu ya kioo. "Hilo wingu halitoki. Wingu likikaa saa nne asubuhi, likafika saa nane halijainuka, limelala. Halitoki mpaka kesho."

Watu wote wakaitikia. Na si kwa heshima tu. Kila mmoja mle ndani alikuwa amekulia chini ya mlima, na mlima wetu ulikuwa haujaonekana tangu Jumatano. Kila mmoja alikuwa anajua wingu linavyolala. Mtu mmoja akachungulia nje ya mlango, akaangalia juu, akarudi akasema, "Kweli kabisa," kama vile amekagua wingu la Ulaya. Mimi mwenyewe niliamini, nusu.

Halafu yule mtangazaji Mwingereza akasema, kwa sauti yake ya kuchoka, kwamba wataalamu wa hali ya hewa wanategemea mawingu yafunguke katika saa moja na nusu, na jioni yote itakuwa ya jua. Alilisema vizuri. Alilirudia.

"Binti," mtu wa Sanya Juu akaniita, "huyo Mzungu anasemaje?"

Baba alikuwa bado amesimama mbele ya tivii, mgongo umenyooka. Nilikuwa sijamwona amenyooka hivyo tangu ile barua. Watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote.

"Anasifia viatu vyao," nilisema.

"Viatu, dakika nzima?"

"Ni viatu vya ghali."

Watu wakacheka. Nikachukua chaki nikaandika NGAZI.

Mtu wa Sanya Juu hakucheka. Aliusoma ubao, akamgeukia baba. "Mimi nachukua Kinu. Unaweka nini, Meku?"

"Kreti."

"Kreti mtu anakunywa jioni, asubuhi anaiacha chooni. Weka kitu kinachosimama."

"Kreti mbili."

"Mimi nina mtamba wa kisasa, Sanya. Mabaka meusi na meupe, mama yake anajaza ndoo. Naweka huyo. Wewe una yule mweusi."

Sijui alimwonea wapi. Watu wa ng'ombe wanaona kupita migomba.

Yule shemeji mdogo akatoa kijiti mdomoni. "Ana ng'ombe mzuri mzee huyu," alisema. "Nimemwona. Ana mimba yule."

"Basi ndio nasema." Mtu wa Sanya Juu akatabasamu, akashusha sauti, lakini wote tulisikia. "Au pengine huo uwanja ulikuwa unaufagia tu. Waliokuwa wanaujua ni wale wenye raketi."

Mtu mmoja akacheka puani. Mmoja tu. Baba akaweka chini kata ya mbege.

Nilikuwa na mambo mawili ya kusema pale. La kwanza ni lile la wingu. La pili ni kwamba ng'ombe si wake. La pili lilikuwa halisemeki. Ningelisema, yule shemeji mdogo angekuwa bandani kwetu na kamba kabla mechi haijaisha. Lakini la kwanza lilikuwa linasemeka. Lilikuwa maneno kama ishirini ya Kiswahili. Niliyapanga kichwani, yakapangika vizuri, na nikayaacha hapo hapo, kwa sababu mtu angeuliza mbona ulisema viatu, na baba angegeuka kuniangalia.

"Weka mkono," baba alisema.

Kwetu dau likifungwa watu wanashikana mikono na mtu wa tatu anaikata kwa kiganja. Walishikana. Mwenye baa akasema, "Mtabiri ndiye akate," na vijana wakashangilia. Nikaenda nikakata.

Seti ya kwanza Ngazi alishinda. Ilikuwa kama baba alivyosema, neno kwa neno. Mpira wa Kinu ulikuwa unagusa udongo unakaa, hauinuki, na Ngazi anainama anaupiga kama anafyeka. Seti ya pili Ngazi akashinda tena. Watu walikuwa wanampiga baba mgongoni. Kijana mmoja alisema, "Mtamba huyo aitwe Fainali." Mwenye baa akamletea baba bia ambayo hakuiagiza. Baba alikuwa anaeleza, mikono inaonyesha, namna ya kujua udongo umelowa kiasi gani kwa kuangalia soksi za wachezaji. Zilikuwa zimekuwa nyekundu mpaka juu. Mtu wa Sanya Juu alikuwa anasikiliza kwa makini, kweli kama mwanafunzi. Nami nikaanza kufikiri kwamba mtangazaji amekosea, na nikapumua.

Ilikuwa katikati ya seti ya tatu. Kinu alikuwa anajiandaa kuanzisha. Baba alikuwa anaongea, akaacha katikati ya sentensi.

"Nini, Mwalimu?"

Nikafuata macho yake. Chini ya kile kiti kirefu cha mwamuzi, juu ya udongo mwekundu, palikuwa na kitu ambacho mwanzo hakikuwepo. Kilikuwa hafifu, kama kimechorwa kwa penseli. Kivuli.

Halafu kikakolea. Kukawa na kivuli cha wavu. Kukawa na kivuli cha Ngazi, kirefu kuliko Ngazi mwenyewe. Watu kule uwanjani wakaanza kuvaa kofia na miwani. Baada ya kama nusu saa udongo ukabadilika rangi, ukawa wa matofali, vumbi likaanza kuinuka kwenye visigino vyao, na mpira wa Kinu ukaanza kuruka. Ulikuwa unampita Ngazi begani. Alikuwa anaupigia juu kama mtu anayefukuza nyuki.

Baba alijua mapema kuliko sisi wote. Alikaa chini taratibu. Seti tatu mfululizo, Kinu. Ile bia ya bure ilikuwa mbele yake haijafunguliwa. Nilitoka nje. Wingu letu lilikuwa pale pale juu ya migomba, limelala.

Asubuhi ya Jumatatu mtu wa Sanya Juu alikuja na pikapu. Hakuwa mtu mbaya, hilo lazima niliseme. Alimwamkia mama vizuri, akakubali chai. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake uani, uso umeelekea ukuta wa jiko. Mama alikuwa ameshashuka na kupanda na mzigo wa majani, akauweka bandani kama siku zote, ng'ombe akawa anakula wakati wanamfunga kamba. Mama alikuwa anajua ng'ombe ni wa nani. Kwa usiku mzima hakuwa amemwambia baba neno, na mimi ningependa angesema, hata matusi.

Nilimfuata yule mtu mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimeamua. Nikamwambia, "Shikamoo. Yule ng'ombe si wetu."

"Marahaba. Wa nani?"

Hapo ndipo nilipomwona aliyekuwa anavuta kamba kutoka bandani. Yule shemeji mdogo. Alikuwa amekuja kusaidia, pengine apate chochote kidogo. Alikuwa anamsukuma ng'ombe kiunoni, anamwambia twende mama, twende.

"Wa nani, binti?"

"Wa mama," nilisema.

Akacheka kwa upole. "Cha mama si ndicho cha baba? Ungeniambia wa askofu ningeogopa." Akanipigapiga bega. "Wewe una akili. Tafuta kazi mjini. Ubao hautakulisha."

Ng'ombe aligoma kupanda. Walimpandisha kwa ubao wa mlango.

Wiki ile tuliishi kama watu wenye maiti ndani. Baba hakumwagia ua maji. Alhamisi udongo ulikuwa umepasuka, kuku wakawa wanaupekua. Jumamosi ilikuwa inakuja na wote watatu tulikuwa tunaihesabu, hakuna aliyeitaja.

Ijumaa asubuhi baba alikwenda mpakani mwa kihamba, penye masale. Hii ni mimea mirefu ya majani marefu membamba tunayopandia mipaka. Lakini jani lake lina kazi nyingine. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la sale lililofungwa fundo, unalipokea, na ukilipokea umesamehe. Hulikatai. Hata kwa kosa la kuua, watu wamepelekeana sale. Wazee wa kanisa la Kilutheri nao wanalipokea, na mchungaji anajua na ananyamaza.

Alirudi na jani moja. Alilifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Halafu akanipa mimi.

"Mpelekee shangazi yako."

"Baba, si unapaswa kwenda mwenyewe?"

"Nenda."

Nilivuka mto nikapanda. Shangazi alikuwa mlangoni kwake anapukuchua maharage kwenye ungo. Karibu yake juu ya kigogo palikuwa na kipande cha magadi, ameshakifunga kwenye kitambaa kwa ajili ya kesho yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona Ijumaa?"

Kisha akaona nilichoshika. Mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Amekufa au ameuzwa?" aliuliza.

"Ameshindaniwa. Baba aliweka dau. Kwenye tenisi."

"Tenisi ni nini?"

Nikawa nimesimama pale na jani mkononi namweleza shangazi tenisi. Watu wawili, nikasema, wanapigiana mpira juu ya wavu.

"Wanagombania nini?"

"Kombe."

"Wako wapi hao?"

"Ulaya."

Aliwaza. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu. "Na ng'ombe wangu aliingia wapi hapo?"

Nikamweleza yote. Wingu, mtangazaji, viatu, kukata mikono. Shemeji yake karibu na friji. Nilieleza haraka haraka, nilikuwa nataka kufika mwisho, nilikuwa nataka aseme kitu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akauliza jambo moja tu.

"Ulisikia kwamba jua litatoka?"

"Nilisikia."

Akanyoosha mkono, akapokea jani. Aliligeuza, akalitazama lile fundo. "Hili ni la baba yako," alisema. "Nimelipokea. Mwambie hivyo." Akaingia ndani, nikamsikia analichomeka mahali darini. Akarudi akakaa kwenye maharage yake.

"Na mimi, shangazi?"

"Wewe hujaleta kitu."

"Nakwenda kukata langu. Nitarudi nalo sasa hivi."

"Ukilileta nitalipokea," alisema. "Nitafanyaje. Ndiyo maana nakuomba usilete."

Alipukuchua ganda moja, la pili. Nikaaga. Nilipofika kwenye njia akaniita, nikarudi mbio, nilidhani amebadilisha mawazo. Alikuwa ameshika kile kitambaa.

"Chukua na hii magadi. Mimi sina wa kumlambisha."

Sikupeleka sale, mpaka leo. Masale yapo pale mpakani, nayapita kila nikienda nyumbani.

Siku ile nilirudi nikamwambia baba limepokelewa. Alifumba macho kidogo, akafumbua. Jioni nilimwona ameshika gunia, analowesha ua. Mama aliniuliza nina nini kwenye kitambaa, nikampa, naye hakuuliza yametoka wapi. Maharage yalikuwa jikoni tangu mchana, magumu. Alivunja kipande cha magadi, akakitia ndani ya sufuria. Tulikula wote watatu kwenye sinia moja. Baba alisema leo yameiva vizuri, akaomba aongezwe.